Kunguru, Prodyuza Asiyelipwa

Ukitazama majina yanayopanda mwishoni mwa filamu fupi ya Dar es Salaam, utamkuta kila mtu. Mpiga picha yumo, mtu wa sauti yumo, shangazi aliyetuazima sebule na sufuria la pilau yumo, hata kijana wa bodaboda aliyekubali kuzima pikipiki mara moja yumo. Kunguru hayumo. Mimi naona huu ni wizi wa haki za msanii, na kwa kuwa mwenyewe hana wakili, nimejitolea kumsemea.

Nianze na nasaba, kama adabu ya kusifu inavyotaka. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu hakuja kwa bahati mbaya. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 kwa kazi maalumu ya kula taka za mji. Yaani alifika akiwa na ajira, jambo ambalo wengi wetu tulio kwenye filamu tunalisikia tu. Kazi akaifanya, kisha akajiongezea majukumu: mayai ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, maandazi mikononi mwa watoto. Akaenea hadi Bara, leo yuko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na hakuna mji aliouhama kwa kukosa riziki.

Sasa tuje kwenye sanaa. Maandalizi ya kushuti yana karaha nyingi, na watu hupenda kulalamikia zile kubwa: kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya serikali ya mtaa, fedha ya mfadhili inayokuja wiki ijayo tangu mwezi uliopita, mwigizaji mkuu anayefiwa na bibi kila siku ya mazoezi (hivi ana mabibi wangapi?). Hayo yote hupita. Ukikaa kwenye benchi la ofisi kwa muda wa kutosha, kuna mtu atakuonea huruma na kugonga mhuri. Kunguru hana ofisi wala benchi.

Ukaguzi wake wa lokesheni hauna mfano. Muongozaji akienda kutafuta nyumba huenda na macho tu. Anaona baraza, mlango wa zamani, mwembe uwani, moyo unamjaa. Hasikii chochote, maana sikio la binadamu ni karimu: huchukua sauti linayoitaka na kuzisamehe nyingine. Maikrofoni haijui kusamehe. Kunguru anaelewa tofauti hiyo, ndiyo maana siku ya muongozaji hukaa kimya juu ya mwembe uleule akijikuna ubawa. Akija mtu wa sauti na bumu lake na visikilizio, hapo ndipo anapomjulisha kwamba nyumba hii ina wapangaji wengine, wa ghorofa ya majani, na wao hawakutia saini mkataba wowote.

Wapo wanaosema kelele zitaondolewa kwenye uhariri. Wasemao hivyo hawajawahi kuhariri. Mvumo wa feni au wa barabara ya mbali unavumilika kwa sababu haubadiliki: unarekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale, unautandaza chini ya maneno, na viraka havionekani. Kunguru hulia anapotaka. Ukikata picha katikati ya mazungumzo, mlio wake unakatika nao. Mama anasema "mwanangu" akiwa na nusu ya kwaa, mwana anaitikia na ile nusu nyingine haipo. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini, ila atajua kuna kitu kimekwenda kombo, na atamlaumu mwana.

Ila fadhila yake kubwa iko kwenye skripti. Nasema bila kupepesa macho: hatuna mhariri wa skripti anayemfikia. Waandishi wetu wanapenda maneno. Baba akimkaripia binti aliyechelewa kurudi, anaanzia alikozaliwa yeye baba, anapita kwenye ada alizolipa, na binti naye anajibu kwa hotuba yenye utangulizi. Ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya filamu, na bado skripti inayoitwa fupi hufika ukurasa wa ishirini na tano bila mtu kuona haya. Mshauri akisema punguza, mwandishi ananuna. Mfadhili akisema, mwandishi anapunguza ukubwa wa herufi. Basi lifanyieni mazoezi onyesho hilo pale uwani. Mtagundua kwamba kati ya mlio na mlio kuna nafasi ya sentensi moja, tena nyepesi. Hotuba ya baba inabaki "Umetoka wapi?" Binti hajibu, anainama kuvua viatu. Onyesho limepona. Nimeona skripti zikipoteza kurasa nzima kwa njia hii, na sijaona hata moja iliyozihitaji.

Wanamlaumu pia kwa saa zake. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, jua hupanda na kushuka wima, kwa hiyo ile nuru laini inayompendeza hata mwigizaji aliyeamka na malaria haikai. Ikifika saa tatu, kila uso una mashimo meusi chini ya macho. Mpiga picha anataka alfajiri inayopambazuka na jioni inayozama, basi. Na kunguru ni wa saa hizohizo: alfajiri kundi zima linaagana mtini likielekea majalalani, jioni linarudi na kila mmoja ana habari zake. Wengine huita hiyo hujuma. Mimi namwona msanii mwenzetu anayejua nuru nzuri iko saa ngapi.

Na bei yake je? Alfred Hitchcock alipotengeneza The Birds, iliyotoka mwaka 1963, ilibidi ndege wafundishwe na mwalimu wao, na milio ikaundwa Berlin kwa mtambo wa umeme uitwao trautoniamu, maana filamu ile haina muziki wa kawaida wa kusindikiza. Sauti za ndege ndizo zinazoibeba. Sisi tunapewa kundi kamili, limeshajifunza lenyewe, linafika kabla ya wafanyakazi na wala halidai nauli. Chakula linajihudumia. Ni kweli kwamba yule samaki wa kukaanga lililoondoka naye alikuwa kifaa cha onyesho la nne, lakini nani alimwacha bila kawa?

Wabaya wake wana serikali upande wao. Zanzibar na Dar es Salaam zimewahi kumwekea mitego na sumu, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Wanaowatetea ndege wa asili anaowafukuza wana hoja, sitabishana nao. Nitabishana na wahenga waliosema kunguru hafugiki. Kwani katika filamu yetu hii tumemfuga nani? Mwigizaji mkuu?

Hatimaye prodyuza wetu, yule anayelipwa, akapata wazo: filamu yote ihamie usiku, kunguru akiwa amelala. Skripti ikaandikwa upya, jua likawa mwezi, taa zikakodiwa, jenereta ikafichwa mbali nyuma ya ukuta. Tukaenda kupima sauti. Kunguru kweli alikuwa amelala, muungwana kama kawaida yake. Vyura wa mtaroni wakaanza, mbwa wa jirani akawajibu, kisha baa ya mtaa wa pili ikafungulia singeli. Mtu wa sauti akavua visikilizio, akaviweka mapajani, akauliza kama kwenye ratiba bado kuna nafasi ya alfajiri.