Mgonjwa wa Sebuleni

Mume wangu alirudi kutoka hospitali akiwa ameondolewa kinundu cha kidole gumba cha mguu, bandeji nyeupe imepanda mpaka kifundoni. "Mbona siumwi kabisa!" akawatambia majirani. Ganzi ilikuwa haijaisha. Tuliagizwa aanze dawa kabla haijatoka: paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Bwana akajibu kwamba dawa ni za wagonjwa.

Saa nane usiku aliamsha nyumba nzima, na jogoo wa jirani.

Kulipokucha, shangazi yake aliyekuja kutoka Tanga na chupa ya mafuta ya karafuu ili amchue, alinyang'anywa chupa akakabidhiwa saa ya ukutani. Dakika moja haikumpita. Mito yote ikahamia chini ya mguu, maana sharti ukae juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue. Watoto wakalalia mabegi ya shule.

Balaa lilitoka kwenye friji. Tuliambiwa tuweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 basi. Ya maji ilikuwa imeisha. Binti yetu, kwa huruma, akachukua barafu za ubuyu anazouza, akazifunga kwenye khanga, akamwekea baba, akaenda zake kucheza.

Shangazi alipoleta vidonge akakuta bandeji nyekundu. "Jamani, damu! Mtoto wa watu anakwisha!" Ua ukajaa. Mmoja akaja na bajaji, mwingine akaanza kusoma Yasini. Mgonjwa, aliyekuwa anasinzia, akafumba macho tena, safari hii kwa hofu. Kitinda mimba wetu akapenya katikati ya watu, akalamba khanga: "Sukari imezidi."

Bajaji haikurudi bure: bandeji iliyolowa haikai juu ya kidonda, ikabidi tukabadilishiwe. Kwenye ngazi za kliniki shangazi akawa anamwongoza kwa sauti, magongo yakigonga: "Kupanda, mguu mzima mbele! Kushuka, mgonjwa mbele!"

Siku hizi magongo yako nyuma ya mlango. Bwana anafika kwa mchoma nyama na kurudi bila kupumzika, lakini jikoni, anasema, daktari hajamruhusu. Shangazi hakubishana naye. Jana alimwekea beseni la vyombo pale pale kwenye kochi. "Baba, kaa hivyo hivyo, mguu juu. Vyombo huoshwa kwa mikono."