Supu ya Nyuzi Nne

Ndugu yangu msomaji, kama mama mkwe wako hajawahi kufunua sufuria jikoni kwako akaliita jina la Yesu mara tatu, shukuru. Mimi yamenikuta, Jumamosi saa nne asubuhi, na tangu siku hiyo chai napewa kwenye kikombe cha plastiki.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni mpiga besi. Si wa bendi. Wa kwaya, tena wa kujifunzia hukohuko kwaya. Wala sikuitaka kazi hiyo. Mpiga besi wetu alihamishiwa Dodoma, kikao cha kumtafuta mrithi kikaitishwa, mimi nikakwama kwenye foleni ya Buguruni. Nilipofika nilikuta nimeshachaguliwa, na makofi yamekwisha kupigwa. Najifariji kwamba hata Paul McCartney wa Beatles aliingia hivyohivyo. Mwaka 1961, Stuart Sutcliffe alipojiondoa kundini huko Hamburg, wengine hawakutaka kushika besi, mzigo ukamwangukia yeye.

Kisa hicho nilimsimulia Mama Zawadi ili anionee huruma. Nikaongeza kwamba gita lake la kwanza la besi, lile la Höfner lenye umbo la fidla, liliibwa mwaka 1972, likapotea miaka 50 na ushei, hadi likakutwa darini mwa nyumba moja hukohuko Uingereza, mwenyewe akarudishiwa.

"Lilikaa darini tu muda wote huo?" akauliza.

"Darini tu."

"Basi hata mwizi lilimshinda."

Huyo ndiye mke wangu, na simlaumu. Kuishi na besi ni kuishi na mgeni asiyepiga hodi. Uzi ule mzito kuliko wote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita nane. Nyumba yetu ya Tabata, kuanzia mlango wa sebuleni hadi ukuta wa choo, haifiki mita kumi na mbili. Wimbi la namna hiyo halijui ukuta wala mlango. Wakati mwingine mimi niliye pembeni ya spika silisikii vizuri, jirani wa tatu analisikia mpaka kwenye godoro. Na ipo noti moja, nikiigusa tu, sahani za wageni zinaanza kugongana kabatini. Mama Zawadi huwa anapaza sauti kutoka jikoni: "Baba Zawadi, wageni wako wamefika!" Maana yake zima.

Kwa hiyo faraja yangu iko kwenye simu. Tuna kikundi chetu cha wapiga besi wasio na jina, tumejiita Waliokaa Nyuma. Tuko kumi na mmoja. Yupo Mzee Wazi wa Mombasa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hupiga nyuzi wazi tu, mkono wa kushoto ameushikisha kahawa. Yupo Daktari wa Mwanza, ambaye kwa kweli ni fundi wa friji, ila hakuna ugonjwa wa gita asioutolea dawa. Yupo Sonara wa Muscat, mjukuu wa Unguja, ana magita saba na wimbo mmoja. Salamu yetu ya asubuhi ni "Mmesikika?" na jibu lake ni "Hatujasikika." Siku mtu akiandika kwamba jana harusini amesikika, wote tunamuuliza swali moja: ulikosea wapi? Mpiga besi husikika mara mbili tu, akikosea na akiacha kupiga.

Tunataniana bila huruma. Sonara aliponunua gita la nyuzi tano alitozwa faini, kwa maelezo kwamba uzi wa tano ni kama sahani za wageni: upo kabatini, unafutwa vumbi, ole wake atakayeugusa. Mzee Wazi akaomba apunguziwe faini, kwani mtuhumiwa hata hizo nne hajazimaliza. Basi ndiyo maisha. Nacheka peke yangu usiku gizani, na Mama Zawadi ananiuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Nikimwambia anaitwa Mzee Wazi mambo yanaharibika zaidi.

Sasa nyuzi zangu zilikufa. Ndivyo tunavyosema: nyuzi zimekufa, wafu hao. Uzi wa besi ni waya wa chuma uliozungushiwa waya mwingine, kama nguzo iliyokabwa na mnyoo. Kila ukipiga, jasho, mafuta na ngozi ya vidole vinajishindilia kwenye vile vijifereji, mpaka uzi unapoteza mlio wake wa juu na kubaki na sauti ya mtu anayegonga godoro kwa fimbo. Zangu zilikuwa na miaka miwili. Bei ya nyuzi mpya Kariakoo, ukiitaja mezani kwangu, watu wanaacha kutafuna.

Nikalipeleka kilio kikundini. Daktari akajibu papo hapo: chemsha. Maji yachemke, zitie dakika kumi, mafuta yayeyuke, uchafu utoke, zifute, zianike zikauke kabisa. Dawa hii ni ya kweli, wapiga besi wengi duniani wanaitumia, ila nafuu yake haidumu. Mzee Wazi akaja juu: "Nyuzi zina nini hata uzitokose kama muhogo? Uchafu ndio utamu wenyewe!" Akamtaja James Jamerson, yule aliyezipigia besi nyimbo chungu nzima za Motown kule Detroit, kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na nyuzi alikuwa habadilishi mpaka zikatike. Sonara akamkumbusha kwamba nyuzi za Jamerson zilizungushiwa waya bapa, laini, zisizo na vijifereji vya kuhifadhi uchafu. Mabishano yakaenda mpaka saa saba usiku, na mimi mgonjwa nimesahaulika.

Hapa inabidi nikutambulishe kwa familia, maana kesi haieleweki bila mashahidi. Mtoto wa kwanza, Zawadi, ana miaka minane. Mimi namwita Hansadi, kwa sababu chochote kinachosemwa nyumba hii anacho, neno kwa neno, na atakisoma siku usiyoitaka. Mdogo wake ana miaka minne, anaitwa Tozo. Hakuna kinachopita mbele yake, kiwe chapati au simu, asikate chake. Shemeji yangu ni Mwenge: hakai, anapita, lakini kila anapopita lazima azindue kitu, hasa pilau. Na mama yao, mama mkwe wangu, mama wa kanisa kutoka Muheza, alikuja kutusalimia siku tatu. Wakati ninaousimulia alikuwa kwenye wiki ya tano. Moyoni namwita Mkaguzi Mkuu. Mdomoni namwita Mama, na shikamoo yangu huwa naitoa nikiwa nimeinama kidogo.

Jumamosi hiyo Mama Zawadi alikwenda sokoni. Mkaguzi alikuwa uani anachambua mchele. Nikaona ndiyo saa yangu. Sufuria ndogo zote zilikuwa na maharage au maziwa. Iliyokuwa tupu ni moja tu, kubwa, ya pilau, ile inayotoka Krismasi na Pasaka. Nikajisemea: dakika kumi, nani atajua? Nikazungusha nyuzi vizuri, nikazitumbukiza, nikafunika, nikawasha gesi. Nikaenda chumbani kutafuta taulo la kuzifutia. Simu nikaiacha juu ya meza ya jikoni, karibu na Tozo.

Mkaguzi akaingia kutafuta ungo. Akaona moto, akaona sufuria ya pilau, akajua mkwe ameamua kupika. Akafunua aonje chumvi.

Jiweke kwenye nafasi yake. Umefunua ukitegemea mchuzi, unakuta nyoka wanne wamejikunja kwenye maji meusi yanayotokota, kila mmoja ana uzi mwekundu mkiani na pete ya shaba kichwani. Watengenezaji ndivyo wanavyozifunga ncha, mimi sihusiki.

"Yesu! Yesu! Yesu wa Nazareti!"

Mfuniko ukaanguka. Na Tozo, kwa kuwa simu ililia, akabonyeza. Sauti ya Daktari ikajaa jikoni: "Umeshazitia? Dakika kumi tu, usizidishe. Wafu watafufuka, ila siku tatu nne hivi, baadaye wanakufa tena. Na huyo mama mkwe asijue kabisa!"

Nilipofika mlangoni, Mzee Wazi naye alikuwa ameshaingia zamu, anacheka mpaka anakohoa: "Mwonjeshe kidogo! Akinywa supu hiyo, kesho yuaimba sauti ya nne!"

Mama mkwe aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeshika taulo jeupe mikononi, kama mtu anayejiandaa kwa jambo.

Mama Zawadi alirudi akamkuta mama yake amekaa kwenye ngazi, Biblia mapajani, mkoba umeshafungwa. Mwenge akapigiwa simu kama mwanamume wa ukoo, akaja kwa bodaboda kutoka Mbezi, akatazama ndani ya sufuria kwa makini, kisha akauliza kama kuna kitu kingine cha kula. Kikao kikafunguliwa sebuleni. Hansadi akaitwa kutoa ushahidi, akaurudia ujumbe wa Daktari wote, na sauti yake ya Kisukuma, na pale kwa "wafu watafufuka" akasimama kidogo ili tuisikie vizuri.

Nilijitetea kisayansi. Nikaleta gita, nikaonyesha pale nyuzi zilipong'olewa, nikaeleza habari ya vijifereji, mafuta na ngozi ya vidole. Niliona Mkaguzi anaanza kulegea. Ningenyamaza hapo ningeshinda. Lakini nikaendelea, nikasema uchafu wa miaka miwili wote umetoka.

Mama Zawadi akauliza taratibu: "Umetoka, umekwenda wapi?"

Tukageuka wote kuitazama sufuria ya pilau.

Hukumu haikuchukua muda: sufuria mpya, namba ileile, na mfuniko wake, kabla ya jua kuzama. Bei yake ilizidi ile ya nyuzi mpya. Nikawaandikia Waliokaa Nyuma kwamba dawa yao imenigharimu sufuria na heshima. Walicheka saa nzima, watu wazima wale, wengine wana wajukuu. Kisha bila kuombwa Sonara akafungua orodha kama ya michango ya harusi, jina, ahadi, amelipa, na kichwa chake kikawa "Maziko ya Sufuria". Yeye mwenyewe akatuma kubwa kuliko wote. Mzee Wazi akatuma akiandika kwamba hii si michango, ni faini anayolipa kwa kutoa unabii wa kweli. Daktari akagoma, akasema hakuna daktari anayemlipia mgonjwa, saa mbili usiku akatuma elfu tano, "ya mfuniko." Ikapatikana ya sufuria, na ikabaki chenji ya kutosha kununua nyuzi mpya. Nasema ikabaki, sisemi niliiona. Mama Zawadi aliipokea, akasema itakaa kwenye matumizi ya nyumbani, na mpaka leo imekaa.

Kesho yake kanisani nyuzi zililia kama kengele. Mama mmoja akanifuata baada ya ibada, akaniambia leo kuna chuma kilikuwa kinagongwa nyuma huko, kimekatika nini? Nikaandika kikundini kwa furaha: "Nimesikika." Majibu kumi yakaja, yote swali lile moja. Kufikia Jumatano wafu walikuwa wamekufa tena.

Jumatatu Mkaguzi Mkuu alipanda basi la Muheza. Tuliagana vizuri, aliniombea, aliniwekea mkono kichwani kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Sufuria mpya aliondoka nayo. Mama Zawadi alimpa kama zawadi ya kumtuliza, na mimi nikaibeba mpaka stendi.

Ya zamani ndiyo tuliyobaki nayo. Imesuguliwa kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu. Jumamosi hii tulipika pilau ndani yake, na Mwenge akapita. Hakuna aliyemkumbusha kitu. Hansadi alifungua mdomo, nikamwahi kwa elfu mbili. Mwenge alikula sahani mbili, akaomba ukoko.