Achari Yenye Presha

Mume wangu ana presha, na presha hiyo ndiyo iliyolipua achari yangu. Natanguliza hilo kwa sababu huku kwetu Ngamiani, Tanga, habari imeshasambazwa na watu ambao hata hawakuwapo, na kwa wanavyoisimulia utadhani mimi ndiye nisiyejua achari.

Achari nimefundishwa na bibi, na ya bibi ilikaa kabatini msimu hata msimu bila kuijua friji. Unataka maembe mabichi, yale ambayo kokwa yake ingali laini kisu kinapita. Unayakata vipande, unayatia chumvi bila huruma, unayaanika kwenye ungo mpaka yanywee, ndipo unayachanganya na pilipili, manjano, kitunguu saumu na siki. Kazi yote iko kwenye chumvi na jua. Chumvi inayavuta maji, jua linayamaliza, na pasipo maji chachu haina pa kuishi.

Jua la Tanga halina neno. Kaskazi ikishika, bati la jikoni lingeweza kukaanga yai. Tabu ni kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka za mji. Naona taka ziliwachosha, wakavuka bahari kufuata maembe yangu. Nimetundika CD mbovu zimetamete, nimevalisha ufagio kofia, wamekuja kukaa juu ya ile kofia. Ikabidi yale maembe niyaanue mapema, kabla hayajakauka sawasawa.

Hapo ndipo mume wangu alipotoka kliniki na agizo la kupunguza chumvi. Ya kwake aliipunguza siku mbili, kisha akahamia kupunguza ya kwangu. Akasimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mke wangu, hiyo chumvi ni ya watu au ya kukaushia papa?"

Nikapunguza. Mimi ni mke mtiifu, na utii una gharama zake. Nikajaza chupa, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikazipanga juu ya kabati la vyombo.

Embe bichi lina sukari yake kidogo, na chachu ikipewa sukari, maji na joto haiulizi mara mbili: inakula, inatoa hewa, na hewa isipopata pa kutokea inajitafutia. Ilijitafutia saa nane za usiku. Chupa ya kwanza ililia peke yake, ikanyamaza kama inayongojea tuitike, kisha wenzake wakaitikia kwa pamoja. Mume wangu, ambaye mchana haogopi kitu, aliniambia niende nikaangalie. Jirani alikuja na panga. Mwingine akaja na filimbi, akawa anaipuliza humo ndani ya sebule yetu, sijui akimwita nani. Mwisho akafika mjumbe wa shina na tochi, akaimulika dari, akachovya kidole ukutani, akakilamba, akachovya tena. Chupa moja tu ilikuwa imesalimika. Akaondoka nayo, akasema ni kielelezo.

Doa la manjano likiingia kwenye nguo, unaianika juani na lenyewe linafifia. Dari haianikwi. Mume wangu aliuliza, kwa sauti ya upole ambayo siipendi, kama tuezue mabati. Fundi rangi alipaka mkono wa kwanza, umanjano ukachungulia. Akapaka wa pili. Pesa ya ile rangi, mume wangu alipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti, ingetosha kununua achari ya dukani mpaka wajukuu waote meno. Simbishii hesabu. Namuuliza tu alipunguza chumvi nani.

Kwenye kubana mkaa nimefaulu zaidi. Nina kikapu kikubwa cha ukili nilichokisuka mwenyewe. Nimekijaza matambara, katikati nimeacha shimo la kukalia sufuria. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha unayamwaga maji, unayatia mengine, unayabandika yachemke haswa, kisha unaitumbukiza sufuria kikapuni na kuifunika kwa mto. Joto linabaki humo na maharage yanajiiva huku wewe uko sokoni. Lakini yachemke kwanza, si chini ya dakika 10, hasa yale mekundu. Yana sumu yake ya asili ambayo moto mkali unaiua, na joto la kikapu peke yake haliiwezi. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoiga nusu ya kitu.

Matambara niliyachukua kwenye rundo la nguo zisizo na mwenyewe. Ijumaa, mume wangu katoka kuoga, anatafuta kanzu yake ile ya darizi. Ilipatikana chini ya sufuria, ya moto vizuri, imejikunja kama kitanda cha paka. Akaivaa, maana adhana ilikwisha pita na kanzu nyingine ilikuwa mbichi kambani. Aliporudi hakuwa na maneno mengi, ila kwamba katika safu yake watu walikuwa wakimeza mate, na mzee mmoja alimuuliza nyumbani wamepika nini.

Habari ya bustani ni fupi. Nina matembele kwenye ndoo zilizotoboka na mchicha kwenye viroba, ambao mbegu zake ni ndogo mno mpaka uzichanganye na mchanga ndipo zimwagike kwa nafasi. Ukifika shibri moja, mbuzi wa jirani wanakuja. Idi ya kuchinja jirani aliniletea paja zima, nikaliandika kwenye daftari chini ya mavuno.

Basi likaja jambo la posa ya binti yangu. Wazee watatu wa upande wa kijana walitarajiwa baada ya alasiri, na mimi sikutaka wakute kochi tupu. Vitambaa nilifuma mwenyewe, mtindo wa nanasi, uzi mweupe. Kitambaa cha kufuma bila wanga kinalala kama kamba ya mashua, na wanga wa dukani unauzwa bei ya dawa. Nikatumia unga wa muhogo: unaukoroga na maji baridi, unaumiminia ya moto mpaka uwe uji mwepesi, unachovya kitambaa, unakitandaza juu ya ubao na kuvuta kila ncha. Kikikauka kinasimama chenyewe. Vilipendeza mpaka mume wangu akakaa chini kwenye mkeka.

Wageni walipokwisha kuketi, umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikasimama. Msemaji wao alikuwa mzee wa mwili, kanzu nyepesi, na hotuba yake haikuwa na haraka: ilianzia kwa Adamu na Hawa. Jasho likamtoka, likaukuta wanga, na wanga wa muhogo ukilowa unarudi kuwa uji.

Aliposimama kuaga, kitambaa nacho kilisimama. Nanasi zima lilikuwa limetanda mgongoni mwake, ncha zote zimenyooka, na lazima niseme lilikaa sawasawa kuliko lilivyokaa kwenye kochi. Nani atamgusa mgongo mzee aliyekuja kuposa? Mume wangu alinyoosha mkono, ukafika katikati, ukarudi kukuna sikio. Wazee wenzake wawili walilitazama, nadhani walidhani ni desturi ya upande wetu. Binti yangu nyuma ya pazia alikuwa akiuma kanga. Mzee akatoka, akapanda baiskeli yake, akashika barabara ya sokoni taratibu, na kila aliyempita alimwamkia mara mbili, mbele na nyuma.

Jibu la posa lilikuwa ndiyo. Kitambaa hakikurudi, na mimi si mtu wa kudai kitambaa kwa wakwe. Ila siku ya kupanga mahari, ulipofika mkaja, ambao ni haki yangu mimi mama wa bibi harusi, nilitaja kiasi. Mume wangu akaniuliza kwa kunong'ona mbona kimezidi tulichokubaliana. Nikamwambia hicho kilichozidi ni uzi, unga wa muhogo, na ufundi.