Bomba Linalokata Kona

Ukisimama Gatsata, hapa Kigali, ukiwa na kitu mkononi, kiwe chochote, mtu atakuuliza bei. Ushike taa ya Corolla, bei. Ushike kuku uliyemnunua kwa chakula chako cha jioni, bei. Bonde hili lililo miguuni mwa mlima Jali, hatua chache kutoka Nyabugogo kwenye barabara iendayo Gicumbi na mpakani Gatuna, limelelewa na spea na gereji. Hata gereji za kule kwenye ardhi oevu zilipoondolewa, tabia haikuondoka nazo. Kila kitu hapa hufunguliwa, hurekebishwa na huuzwa. Kwa hiyo mwanamume anayekaa mlangoni mwa duka la spea akifuma soksi, soksi ambazo hazikutoka kwenye gari lolote na wala haziuzwi, ni fumbo la mtaa mzima.

Mwanamume huyo ni mimi, na sijamwomba mtu radhi. Wanaume wa kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca huko Peru, hujifunza kufuma kofia zao tangu utotoni, na UNESCO iliitangaza sanaa ya kisiwa hicho kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Niliwaeleza haya vijana wa gereji ya jirani. Wakanisikiliza kwa heshima zote, kisha mmoja akauliza hizo kofia wanaziuzaje.

"Bosi, jozi hiyo ngapi?"

"Siuzi."

"Haya basi, nipunguzie."

Nimejaribu kuwapigia hesabu. Jozi moja ya soksi za mtu mzima hula gramu kama 100 za uzi mwembamba, karibu mita 400, na vitanzi zaidi ya 15,000, kila kimoja kikipita kwenye vidole hivi. Nikijilipa ujira wa kibarua wa kawaida, mteja itabidi auze pikipiki ndipo avae soksi. Nyabugogo wanakuuzia jozi zilizofungwa pamoja kwa mpira, na fedha inabaki ya kula melanji, ile sahani ya mchanganyiko, mchana. Hesabu hii, badala ya kuwanyamazisha, humwamsha jirani yangu muuza betri. Yeye anaamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa ushirika. Siku moja alianza saa nane mchana: tafuteni wafumaji, andikeni katiba, mwende SACCO ya umurenge mkaombe mkopo wa mashine. Kufikia jioni nilikuwa na mwenyekiti, mhasibu na mchoro wa muhuri. Soksi ya pili sikuwa nayo.

Tuanze na sindano. Soksi hufumwa kwa kuzunguka, bila mshono, na ili uzunguke unahitaji sindano nne au tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Duka la vifaa vya cherehani nililolizoea walinionyesha sindano ndefu za sweta, nene mno, wakaniambia nizikate. Nikarudi kwenye elimu ya shangazi yangu kule Ngara, aliyenifundisha kufuma kwa spoki za baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, na vitabu vya ufumaji vinataka sindano za milimita 2 hadi 2.5 kwa soksi. Mchina aliyeunda baiskeli ya Phoenix hakujua, lakini kila gurudumu lake ni duka la sindano. Gatsata hukosi spoki. Fundi wa egzosi, ambaye karakana yake imepakana na duka letu, alinikatia tano, akazisaga kwa grenda, akazipiga msasa. Za kwanza zilikuwa na ncha ya kutoboa tairi. Nalijua hilo kwa sababu moja iliniteleza mapajani, ikabingirika hadi barabarani, na pikipiki ya mteja wetu ikaipata. Kijana wa kuziba pancha upande wa pili ananisalimia kwa mikono miwili tangu siku hiyo.

Uzi ndio ugonjwa wenyewe. Mfumaji anaweza kuacha kufuma, ila kununua uzi haachi. Mimi wangu naupata kwenye caguwa, mitumba, kwa kununua sweta zuri na kulifumua. Hapa siasa ya dunia iliniingilia kabatini. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuziondoa nguo za Rwanda kwenye AGOA, mpango wake wa unafuu wa ushuru. Yaliandikwa mengi kuhusu viwanda na diplomasia. Kuhusu mtu aliyekuwa ameshika sweta la sufu la mzee fulani wa Ulaya, akiambiwa bei, sikusoma hata mstari.

Kuchagua sweta la kufumua kuna siri yake, nayo naitoa bure. Ligeuze ndani nje. Ukiona kando za mshono zimeumwa na mashine ya overloki, liache, maana kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vifupi vya uzi, kimoja kwa kila mstari. Ukiona kando ni nzima, zimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi mmoja, lipia haraka kabla uso wako haujakusaliti. Muuzaji wa caguwa hasomi lebo, anasoma nyuso. Mimi uso wangu umenigharimu zaidi kuliko ushuru. Na ikiwa ni sufu tupu, kumbuka kuongeza uzi wa nailoni kwenye kisigino. Uzi wa soksi wa viwandani kwa kawaida huwa na sufu asilimia 75 na nailoni 25. Mimi nilichukua nailoni kwa mshona viatu, na soksi ile sasa imetoboka kila mahali isipokuwa kisigino, ambacho nadhani kitazikwa nami.

Uko pia uzi wa kifalme. Musanze, chini ya volkano, wapo wanawake wanaosokota sufu ya merino kwa mkono na kuitia rangi za mimea, na mradi wao, Handspun Hope, huuza hadi Marekani. Nilipopata kitita kimoja sikuthubutu kukifuma. Nakitoa Jumapili, nakitazama, nakirudisha.

Hata kuusafirisha uzi ni mtihani. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mimi naiunga mkono sheria hiyo siku zote isipokuwa siku za mvua. Nilikuwa nyuma ya moto, yaani pikipiki ya abiria, natoka Nyabugogo, mfuko wa karatasi umelowa mapajani, soksi iliyoanzwa imo ndani ya koti. Mfuko ukapasuka kimyakimya. Bonge likaanguka, ncha ya uzi ikabaki kwenye soksi, nasi tukaendelea kupanda barabara tukiacha mstari wa buluu nyuma yetu. Motari, yaani dereva, ndiye aliyegundua, pale mnyororo ulipoanza kuula uzi. Tuliposimama, askari wa barabarani alikuwa anakuja akifuata uzi, akiukunja taratibu kwenye kiganja kwa umbo la nane, kama alivyofundishwa na mtu anayeijua kazi. Akanikabidhi bonge lililokaa vizuri kuliko nililokuwa nalo mwanzo. Kisha akamgeukia motari, akaomba leseni.

Lakini raha yote ya soksi ipo kwenye kisigino, na hapo ndipo nilipopata mwanafunzi ambaye sikumtafuta. Mguu wa soksi ni bomba, na unyayo ni bomba. Swali ni jinsi bomba linavyokata kona ya nyuzi tisini bila mshono. Fundi wa egzosi alikuwa amenitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Siku nilipofika kisiginoni aliweka chini miwani ya kulehemu, akavuta tairi, akakaa.

"Mimi nikitaka kona," akasema, "nakata vipande kwa mshazari, navilehemu kimoja baada ya kingine. Wewe lehemu yako iko wapi?"

Nikamwonyesha mistari mifupi. Unafuma, na kabla ya kufika mwisho unageuka. Unarudi, na upande wa pili unageuka tena kabla ya mwisho. Kila safari unaacha kitanzi kimoja zaidi, mpaka inabaki theluthi ya katikati, kisha unaanza kuvirudia ulivyoviacha, kimoja kimoja. Kitambaa kinaongezeka upande mmoja tu, upande mwingine umesimama.

Fundi akaigeuza soksi, akaipima kwa venia kaliper, akanyamaza. "Kwa hiyo unaongeza bati upande wa nje wa kona," akasema. Mimi nilitazama video usiku mwingi ndipo nikaelewa. Yeye alielewa kabla chai haijapoa. Tangu hapo amekuwa mkaguzi. Nilipojifunza namna ya kugeuka ya Kijerumani, alisema ni safi, haiachi tundu. Kisigino cha Kiholanzi, akasema kimebana. Kipo cha Kifaransa, kipo cha Wales. Cha Kibelgiji sijakutana nacho, na wazee wa hapa hawaonyeshi mshangao.

Ukaguzi nao una hatari zake. Fundi alitaka kuona kisigino kikikaa kwenye elbo halisi, akakivisha kwenye egzosi ya Hilux aliyokuwa ameifunga asubuhi. Kilikaa sawasawa, tukapongezana, mteja akaitwa kwenye simu, mwingine akaja kuuliza spea, na mwenye Hilux akawasha gari. Sufu haishiki moto kirahisi, ndiyo sifa yake. Inaungua polepole, ikitoa harufu ya nywele. Mwenye gari akapaliwa, akazima. Kabla hatujafika, fundi mwingine alikwisha inama chini ya boneti na kumtangazia kwamba klachi imekwisha, na bei ya klachi ikatajwa. Nilipochomoa soksi kutoka kwenye egzosi, ikifuka, watu walinitazama kwa namna ambayo hata siku ya kwanza ya kufuma hawakunitazama. Mwenye Hilux tu ndiye aliyenishukuru. Nilikuwa nimemwokolea klachi.

Wapo wanaoniambia soksi ni mambo ya wazungu. Huwa nawaelekeza Misri. Katika Victoria and Albert Museum, London, ipo jozi ya soksi nyekundu iliyopatikana Oxyrhynchus, ya karne za kwanza baada ya Kristo, yenye kidole gumba peke yake ili avaaye apitishe mkanda wa ndara. Mtu alivaa soksi na ndara Misri zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na leo kijana wa gereji akifanya hivyo Gatsata anachekwa. Soksi hizo za Misri zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu. Vipande vya kale kabisa vya ufumaji kama huu wangu vilitoka Misri vilevile, ni vya pamba, vingine vimefumiwa jina la Mwenyezi Mungu kwa herufi za Kufi.

Mzungu namkuta kwenye vidole. Kufunga ncha ya soksi bila mshono wa kukwaruza ni kazi ya sindano butu na kichwa kitulivu, na wafumaji wameipa jina la Kitchener, yule jenerali wa Omdurman wa 1898 aliyekuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza. Inasemekana yeye ndiye aliyeibuni kwa ajili ya miguu ya askari wake. Ushahidi haupo, na mimi sura yake ile ya mabango, kidole mbele na masharubu, siioni ikihesabu vitanzi. Alizama na meli tarehe 5 Juni 1916, mwezi mmoja baada ya Wabelgiji kuuchukua mji huu wa Kigali kutoka kwa Wajerumani. Katika vita ileile, ya Kwanza ya Dunia, Ulaya mama na mabinti walifuma soksi kwa mafurushi. Huku kwetu wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi, wale walioachia Kariakoo jina lake, wengi wao walitembea miguu mitupu. Kila nikiifunga ncha kwa mtindo wa jenerali, namlipa jina lake kwa shingo upande.

Ukishafunga ncha ndipo unakutana na ugonjwa wa soksi ya pili. Ya kwanza umeifuma kwa hamu, umejifunza kitu kipya. Ya pili haina jipya, na kuna mbinu nyingine inakuita. Mwaka 2006 Judy Becker wa Marekani alichapisha namna ya kuanzia vidoleni badala ya juu, kwa kuzungusha uzi kwenye sindano mbili, na nilipoijua, soksi zote nilizokuwa nimezianza juu zilionekana za zamani. Droo yangu imejaa soksi mojamoja. Fundi alishauri tuziuze kwa jozi za rangi mbili.

Dawa nimeipata kwa Tolstoy. Mwishoni mwa War and Peace kuna mama mmoja anayefuma soksi mbili kwa wakati mmoja kwenye sindano zilezile, moja ndani ya nyingine, kisha anaichomoa ya ndani mbele ya watoto. Inawezekana, wapo walioifanya. Unatumia nyuzi mbili, kitanzi cha nje, kitanzi cha ndani, na uzi wa hii usiguse wa ile hata mara moja. Nilimchorea fundi kwenye boksi la plagi. Akasema bomba ndani ya bomba linawezekana, ila si kwenye kona, na akaniwekea dau la melanji yenye nyama, mbele ya mashahidi, muuza betri akiwa mweka hazina. Mpaka naandika haya, mguu umepita salama, kisigino kimepinda vizuri, na mahali fulani ndani ya kona hiyo nyuzi zimepishana, maana nikivuta ya ndani, ya nje nayo inakuja. Fundi hajasema neno. Amekwisha ulizia mgahawa gani unaweka vipande vikubwa.