Kwa Mheshimiwa Cheti cha Moto, Ukutani, Hola

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha juu, ule upande unaopigwa na jua kutwa. Kila asubuhi nakupita hapo chini koridoni, umevishwa plastiki, umepigiliwa misumari minne, muhuri umekukaa begani kama nyota ya afande, na kila nikikupita naona haya kwamba sijawahi kukushukuru. Jengo zima limekukabidhi roho zake na wewe hujawahi hata kukohoa.

Wazee walituambia dawa ya moto ni moto. Walisema hivyo kwa sababu hawakuwahi kuona kitabu cha risiti.

Naomba nikueleze unachokilinda, maana hapo ulipo unatazama ukuta wa pili tu. Kulia kwako ni duka la rangi na tapentaini. Kushoto kuna kijana anayewauzia bodaboda petroli kwenye chupa za maji ya kunywa, kazipanga kizingitini kama sharubati ya Idi. Chini ya ngazi, nayo ni ngazi moja tu tuliyo nayo, imesimamishwa mitungi ya gesi ya kilo 6 na ya kilo 13, imefungwa mnyororo isiibwe. Juu niko mimi, pasi yangu ya makaa, na marobota ya vitambaa vya sare za shule. Stima ya ghorofa nzima inatoka soketi moja iliyo kwangu; ekstensheni imezaa ekstensheni, na vitukuu vyake viko kwa kinyozi. Ikikatika ikarudi kwa kishindo, ukuta unanuka ndara iliyoungua. Tunafungua dirisha, harufu inatoka, tunaendelea na kazi.

Mlango wa nyuma upo. Nataka hilo liandikwe, nisije nikaambiwa namchafulia mtu jina. Ni wa chuma, ni imara, umepigwa kufuli, na mbele yake pamepangwa magunia ya sukari. Nilimuuliza mlinzi.

"Ufunguo uko na mzee, mama."

"Na mzee yuko wapi?"

"Malindi."

"Anarudi lini?"

"Harusi ikiisha."

Basi nimejipangia utaratibu wangu wa dharura. Moto ukizuka, hatua ya kwanza ni kupiga simu Malindi kuuliza kama biharusi ameshatolewa nje.

Najua wewe husomi sheria, mtoto hasomi hati za ndoa ya wazazi wake. Lakini wazazi wako ni wakali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mlango wa mahali pa kazi, watu wakiwa ndani, uweze kufunguliwa kutoka ndani kwa urahisi na papo hapo. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto, za mwaka huohuo, zinamtaka mwenye mahali pa kazi awe na kikosi chake cha kupambana na moto, awafanyishe watu zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka, na jengo likaguliwe kila mwaka. Nimeshona humu miaka 9. Zoezi la kutoka nimelifanya mara nyingi, lakini ni la kumkimbia mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na hilo nimelifanyia ngazi ileile yenye gesi.

Ukaguzi ulifanyika, nisiwe mwongo. Alikuja mgeni mmoja, simtaji yeye wala alikotoka, akaomba maji baridi, akaukumbatia ukingo wa ngazi kwa joto la saa nane, akauliza, "Juu kuna nini?" Akajibiwa, "Fundi." Akaandika. Bila shaka alidhani fundi haungui.

Kisha Mei tukapata moto wetu. Mdogo, usihuzunike kwamba hukualikwa. Mpira wa gesi wa mama wa chapati, pale nje ya mlango mkubwa, ulichanika, ulimi wa moto ukatoka urefu wa mkono. Vijana wakakumbuka mtungi mwekundu wa kuzimia, ule ulioning'inizwa juu sana hata mwenye kuutungua atafute kiti. Kiti kikatafutwa. Pini ikakataa, ikapigwa nyundo, ikatoka. Mtungi ukatoa pumzi moja kama mgonjwa aliyegeuzwa ubavu, ukanyamaza. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye wekundu sijui tangu lini. Unga nao, usipotikiswatikiswa, hushikamana chini ukawa kama simenti. Wakati huo mama wa chapati alishachovya gunia kwenye ndoo ya maji ya vyombo, akalitupia juu ya mpira, akapenyeza mkono akafunga valvu. Akarudi kugeuza chapati, na ile iliyoungua akamuuzia aliyekuwa anashangaa kwa karibu zaidi. Wewe, Mheshimiwa, ulikuwa hatua 4 kutoka pale. Hukuyumba. Sijaona afisa mwenye utulivu kama wako.

Ungekuwa mkubwa zaidi? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti kazi ya zimamoto na majanga, kwa hiyo moto wa Hola ni wetu wenyewe. Tukiomba jirani atusaidie, Garissa iko juu huko, Malindi iko chini kupita Garsen, na moto wa tapentaini hausubiri gari livuke Minjila. Mafuriko ya 2023 na 2024 yalipokata njia ya Garissa hata unga ulichelewa. Na maji tunayo! Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, uko jirani yetu. Ukijaa unatufuata hadi majumbani bila kuitwa. Ukihitajika, uko mtoni.

Usinione nina roho nyeusi. Machi 1998, hapa Pwani, kule Bombolulu, Kwale, wasichana zaidi ya 20 waliteketea bwenini, milango imefungwa, madirisha yana vyuma. Januari 2009 likaungua duka kubwa la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, mji wenye magari ya zimamoto, na watu zaidi ya 20 hawakutoka. Tangu hapo mimi nikiingia jengo lolote naangalia kufuli kwanza, bei baadaye.

Na Hola tuna historia na karatasi. Machi 3, 1959, kwenye kambi ya kizuizini ya hapahapa, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari mpaka wakafa. Taarifa ya serikali ya kikoloni ikasema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo. Karatasi ile ilitoka ofisini, kwa lugha safi, kama wewe. Wale waliuawa kwa rungu, ikaandikwa maji. Sipendi mimi niuawe kwa moto huku kumeandikwa salama.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Mwaka huu ukienda kuhuishwa, usiende peke yako. Nenda na ule mtungi mwekundu ukajazwe, na mwambie atakayekupiga muhuri apande hadi kwangu, nitampa maji baridi hukohuko juu, kisha atoke kwa mlango wa nyuma.

Wako mtiifu,
Fundi wa Juu

Nyongeza: Mzee amepiga simu. Harusi imeisha salama. Ufunguo uko mfukoni mwa kanzu, na kanzu iko kwa dobi.