Jinsi ya Kufungiwa Akaunti ya Matangazo Ukiwa Plateau

Mwongozo huu ni wa kijana wa Plateau, Naiberi, Kaptagat au Eldoret mjini ambaye ana tovuti yake ndogo ya bei za mahindi, matokeo ya mbio au habari za kata, na ambaye ameanza kuona senti za dola zikijikusanya kwenye akaunti yake ya matangazo. Ukiufuata hatua kwa hatua, akaunti itafungwa. Ukiupuuza wote, huenda ukalipwa. Nimeziona hatua hizi zikifuatwa na watu wema kabisa, na wema wao ndio uliowaponza.

Anza na harambee. Ingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kisha cha chama, kisha cha vijana wa kanisa, kisha cha wale mliomaliza nao kidato cha nne, uandike: "Ndugu zangu, niungeni mkono, fungueni tovuti yangu mbofye matangazo." Wataitika. Sisi ni watu tuliolipiana karo, tukapelekana hospitali na kuzikana kwa michango, na mchango usiogharimu hata shilingi hakuna wa kuukataa. Shangazi aliye Kitale atabofya. Binamu anayelinda lango Qatar zamu ya usiku atabofya mara kumi, kwa sababu anakupenda na usiku ni mrefu. Mashine ya upande wa pili haina jinsi ya kuona upendo huo. Inachoona ni watu arobaini walioingia ndani ya saa moja kupitia kiungo kimoja, wakagusa tangazo, wakatoka bila kusoma hata aya moja.

Fuata pesa uone zinatoka wapi. Tangazo likitokea kwenye ukurasa wako, kuna mtu aliyelipia nafasi ile: kampuni ya mbegu, benki, hoteli, pengine duka la pembejeo hapo Eldoret linalotafuta wakulima kabla mvua za masika hazijaanza. Google, iliyoanzisha huduma ya matangazo ya AdSense mwaka 2003, hukaa katikati, ikipokea fedha za mwenye tangazo na kumgawia mwenye tovuti. Kwa miaka mingi mgao wa mwenye tovuti ulikuwa asilimia 68. Tangu mwanzoni mwa 2024 anapata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya ada ya upande wa wanunuzi kutolewa, na malipo yanahesabiwa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa. Kwa vyovyote, kidole cha shangazi kinaingia mfukoni mwa mwenye duka ambaye hatauza hata gunia moja la mbolea. Ndiyo maana mibofyo hiyo huitwa batili, na ndiyo maana fedha zake hurudishwa kwa aliyelipia tangazo. Mwenye duka ni mtu wetu vilevile. Yeye hakualikwa kwenye harambee, ila ndiye aliyetozwa mchango.

Watu wa upande huu tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine wote. Eliud Kipchoge, aliyejinoa kwa miaka mingi kwenye kambi ya Kaptagat, mbele yetu kidogo, alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 akamaliza kwa 1:59:40. Walimzunguka waweka kasi 41 waliokuwa wakipokezana zamu ili kumkinga upepo. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa kanuni haziruhusu waweka kasi kuingia na kutoka njiani. Kipchoge aliijua kanuni hiyo kabla hajafunga kamba za viatu, na hakuna aliyemdanganya mtu. Mwenye tovuti anayeuita ukoo mzima kumbofyia naye anakimbia na waweka kasi 41, kisha anaenda kudai rekodi.

Kama huna ukoo mkubwa, bofya mwenyewe. Jiambie kwamba unaangalia tu kama tangazo linafanya kazi. Kesho angalia tena. Siku ya tatu chukua simu ya mama, ya nne nenda saiba, ya tano rudi nyumbani utumie ile Wi-Fi ambayo ndiyo unayopakia makala zako kila siku. Kila kifaa huacha nyayo: anwani ya laini, aina ya simu, saa ya kuingia, muda uliokaa kwenye ukurasa. Nyayo zote zikiishia kwenye mlango mmoja, hakuna haja ya mpelelezi.

Hatua ya sanduku la posta ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeangukia hapo hajamkosea mtu yeyote. Mapato ya AdSense yakifika dola 10, kampuni hutuma barua ya karatasi yenye namba ya siri, ili kuthibitisha kwamba unaishi ulikosema unaishi. Una miezi minne kuanzia siku namba ile ilipotolewa. Miezi hiyo ikipita bila namba kuingizwa, matangazo huacha kuonekana kwenye tovuti yako. Sasa tazama kijana wa hapa anaandika anwani gani. Hana sanduku lake, kwa hiyo anaandika la shule ya msingi aliyosoma, au la kanisa, au la mjomba aliyeacha kulilipia miaka mitano iliyopita. Barua inavuka bahari, inafika Eldoret 30100, inalala chini ya barua za mitihani katika ofisi ya mwalimu mkuu, na shule zinafungwa.

Ukitaka kupotea hapo, tumia sanduku la watu na usimwambie mwenye sanduku kwamba unangoja kitu. Ukitaka kupona, kodi sanduku lako, au ujisajili na Mpost, huduma ya Posta inayoifanya namba yako ya simu kuwa anwani na kukutumia ujumbe barua inapofika. Na barua ikikosa kufika baada ya kuomba mara tatu, kuna njia ya kupakia picha ya kitambulisho mtandaoni. Wengi hukata tamaa kwenye barua ya kwanza, wakaziacha dola zao kule.

Jina nalo. Andika "King wa Sisibo" mahali pa jina la mlipwaji, kwa kuwa ndivyo wasomaji wanavyokujua, kisha usubiri benki ikubali kumlipa Mfalme huyo dola 100, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kulipwa. Kitambulisho, akaunti ya benki na akaunti ya matangazo lazima viseme jina moja.

Au nunua akaunti iliyokwisha kukubaliwa. Zinauzwa mitandaoni kama kuku wa sokoni, na muuzaji ataapa kwamba ni safi. Akaunti hiyo haihamishiki, jina lililo ndani si lako, na muuzaji ana nenosiri lilelile alilokupa. Siku ikijaa, ataivuna yeye. Akiikosa yeye, itafungwa kwa makosa ambayo hukuyafanya, na huna pa kulalamika kwa kuwa hukuwa mwenye akaunti tangu mwanzo.

Kuna hatua moja ambayo nitaisema kwa ufupi kwa kuwa bado inatuchoma. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alifariki katika ajali ya gari eneo la Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24, na miezi minne kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago, 2:00:35. Siku ya namna hiyo wasomaji huja kwa maelfu, na mwenye tovuti hujaribiwa kuweka picha za mwili, uvumi kuhusu nani alifanya nini, na kichwa cha habari kinachopiga kelele. Kanuni za mitandao ya matangazo zinakataza picha za kutisha na kujinufaisha kwa misiba, na mtu anaweza kupoteza akaunti kwa hilo. Ila hata kama kanuni hizo zisingekuwepo, marehemu ana mama. Usifanye.

Ukishafungiwa, kamilisha kazi: fungua akaunti nyingine jioni ileile kwa jina la dada yako. AdSense humruhusu mtu mmoja akaunti moja, na aliyefungwa kwa mibofyo batili haruhusiwi kurudi. Ya dada itafungwa pia, naye atakuwa amechafuliwa jina katika jambo asilolijua. Mwenye akili hutulia kwanza. Asome barua pepe aliyotumiwa mpaka mwisho, kwa kuwa kusimamishwa kwa siku 30 ni tofauti na kufungwa moja kwa moja. Achunguze wageni wake walitoka wapi siku zile, na kwa saa ngapi. Kisha ajaze fomu ya rufaa akisema ukweli, ukiwemo ukweli kwamba aliuomba ukoo umbofyie kama aliuomba, na aeleze amekwisha kufanya nini ili lisitokee tena.

Hapa ndipo lawama inapohama kutoka kwa kijana. Huku kwetu tunapeleka maziwa kila alfajiri. Anayepokea huchovya laktomita mbele yako. Maziwa yasiyochanganywa husoma 28 au zaidi, maji yakiwemo kipimo kinazama, na mkebe wako unarudi nyumbani. Inauma, lakini umeona kwa macho yako. Aliyefungiwa akaunti haonyeshwi kipimo. Anaambiwa kuna shughuli batili, basi. Haelezwi ni siku gani, ukurasa gani wala laini ipi, na sababu inayotolewa ni kwamba walaghai wataijua siri ya mashine. Nakubali kwamba walaghai wapo. Sikubali kwamba kwa ajili yao mtu aliyeandika makala mia tatu kuhusu ugonjwa wa mahindi ahukumiwe gizani.

Wenzetu wameshalishughulikia jambo hili kwa sehemu. Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024 inayalazimisha majukwaa kama YouTube kumweleza mtu sababu yanapomzuilia malipo. Na sisi hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na haki ya kuomba uamuzi huo utazamwe upya. Kina mianya yake, ukiwemo ule wa mikataba, lakini kipo. Serikali nayo, tangu Julai 2023, inatoza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni. Imekubali kwamba hii ni kazi, na anayekula mavuno ana wajibu wa kulinda shamba.

Kwa hiyo, wewe uliyefungiwa bila kuelezwa, na moyoni unajua hukumwagia maji kwenye maziwa: hifadhi barua pepe zote, nakili takwimu za wageni wako wa miezi mitatu, kata rufaa, na ukijibiwa mstari mmoja, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa maandishi. Naye Kamishna, tunakuomba uiulize kampuni swali ambalo mkulima yeyote wa Plateau angeuliza akirudishiwa mkebe wake: laktomita ilisoma ngapi?