Sifa za Jointi ya Juu ya Dari

Tumekwisha kuwasifu washambuliaji, wachumba na hata wagombea waliotuahidi maji ya bomba. Leo naomba nafasi niisifu jointi moja ya waya iliyoko juu ya dari ya chumba ninachopanga hapa Dar es Salaam, waya mbili zilizosokotwa kwa plaizi na kuvalishwa kilemba cha tepu nyeusi.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Nimekaa kwenye kamati za harusi, nimeona mtu anaahidi laki na kuleta elfu ishirini kwa mafungu. Jointi yangu haina tabia hiyo. Nikichomeka pasi, ampea kama 9 zinapita, nayo kwa kulegea kwake, tuseme kwa ukinzani wa sehemu ya kumi tu ya omu, inatoa wati 8 za joto. Nikiwasha na birika la umeme, ampea zinafika 18. Muungwana wa kawaida angezidisha mchango wake mara mbili. Yenyewe inatoa mara nne, wati 32! Mzigo ukifika mara tatu, inatoa mara tisa. Kanuni hiyo aliichapisha Mwingereza James Joule mwaka 1841. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia, kwa hiyo mambo ya kumimina aliyajua toka nyumbani. Na kadiri inavyotoa ndivyo inavyozidi kutoa: ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, kila safari waya zinashikana kidogo kuliko jana, na kesho joto linapanda tena. Haichoki, haiombi hata nauli. Mimi ndiye ninayenunua uniti, ninabonyeza tarakimu 20 za LUKU huku nimekodoa macho, halafu sehemu ya hela yangu inakwenda kuwapasha joto mijusi, Dar es Salaam, mwezi wa Februari.

Ni msiri pia. Kikata umeme pale meni swichi hakishtuki, maana ampea ni zilezile za halali. Kinachoungua ni pale zinapopita. Ina ukoo ng'ambo: mwaka 1998 katikati ya jiji la Auckland, New Zealand, watu walikaa wiki kadhaa wakihangaika na giza baada ya nyaya kuu nne za ardhini kufa moja baada ya nyingine, kiangazi chao kikiwa kimepamba moto. Tena ina dada yake pale nje, kwenye ukingo wa paa, ambako aluminiamu inayotoka nguzoni imeozwa kwa shaba ya nyumba. Wawili hao hawatanuki sawa, na aluminiamu ikiguswa na hewa inajifunika utando usiopitisha umeme. Ndoa ya namna hiyo inataka kiungio chake maalumu. Hapa ilifungwa kwa plaizi, bila shahidi.

Lakini hii tepu, jamani! Nani alituambia tepu inakaza kitu? Ganda la plastiki la waya za kawaida za nyumbani limetengenezwa livumilie nyuzi 70, na gundi ya tepu ya bei ya chini inaanza kutoka jasho mapema kuliko hapo. Fundi alikuja mara tatu. Kila mara alipanda, akavingirisha tepu mpya juu ya ile ya zamani, akashuka akijipangusa utando wa buibui: "Bosi, hapo miaka kumi hugusi." Mara zote tatu hakuzima meni swichi, wala hakuibandua ile ya zamani aone ndani kuna nini. Nilimuuliza mbona soketi zimevutiwa waya wa taa, ule mwembamba. Akasema alipewa hela ya ule.

Kisha soma habari ya duka lolote lililoungua. Kabla majivu hayajapoa, mkubwa fulani amekwishasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Hitilafu ya umeme haina jina, haina leseni, haikutoa risiti, haikupunguza bei ya waya, haikusaini kwamba nyumba imekaguliwa. Inabeba lawama za fundi, mwenye nyumba na mkaguzi aliyekagua akiwa garini, halafu inazikwa pamoja na majivu.

Wiki iliyopita chumba kilianza kunuka samaki. Tulimfukuza paka wa watu, tukamshuku jirani wa uani, hadi nilipogusa soketi ikaniunguza kidole. Plastiki ngumu ya soketi ikipata moto ndivyo inavyonuka. Nikamwita baba mwenye nyumba. Alikuja jioni na kofia yake, akasimama mlangoni, akabonyeza swichi. Taa ikawaka.

"Sasa shida iko wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha soketi, pale ilipogeuka rangi ya chai. Aliinama kuitazama, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Leo mnapika samaki?"